Mtoto katuma programu angani: roketi iko wapi, na NASA wanahusika vipi?

Juzi grupu letu la familia la WhatsApp lilichafuka kwa furaha. Binti wa dada yangu, wanakaa Manchester, ana miaka 11, amepata cheti kinachosema programu aliyoiandika yeye imeendeshwa ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, na pale chini pameandikwa saa kamili na sehemu ya dunia ambayo kituo kilikuwa kinapita juu yake wakati huo. Dada akakipiga picha akakirusha kwenye grupu. Nusu saa haijaisha mjomba kaandika "hongera sana, NASA wameshamchukua mtoto wetu" (yaani shirika la anga la Marekani), shangazi anauliza roketi ilirushwa lini mbona hatujaambiwa, binamu mmoja mjuaji anasema huo ni utapeli tu kama wale wanaouza vyeti vya kumiliki nyota, na bibi, ambaye haandiki anatuma sauti tu, akauliza hiyo kodi anayoifanya mtoto huko shuleni analipia nini na yeye bado mdogo.

Nikaanza kujibu, nikaandika nikafuta, nikaandika tena nikafuta, maana kila mtu kakosea sehemu yake na ukimrekebisha mmoja mwingine ndo anazidi kupotea. Kwahiyo tuanze mwanzo kabisa, wale mnaojua mtanivumilia.

Programu ya kompyuta ni maelekezo, basi. Ni kama unavyomtuma mtoto dukani kwa Mangi: nenda, nunua mkate, kama mkate umeisha chukua unga wa ngano kilo moja, hesabu chenji, rudi. Ila mtoto ana akili zake, ukisahau kumwambia "rudi" atarudi tu, kompyuta hairudi, inasimama pale dukani mpaka umeme ukatike. Na ukisema "kama mkate umeisha" halafu hukumalizia afanye nini, inagoma palepale inakuletea maandishi mekundu. Kuandika maelekezo ya namna hiyo ndio watoto wanaita kodingi, bibi, wala TRA wakusanya kodi hawahusiki. Yanaandikwa kwa lugha maalum, hii anayotumia mpwa wangu inaitwa Python, na kabla mtu hajauliza, haihusiani na chatu, aliyeitengeneza, Guido van Rossum, alichukua jina kutoka kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza aliokuwa anawapenda.

Sasa huko juu kuna nini. Kituo cha Anga za Juu ni kama nyumba ya vyumba vingi inayozunguka dunia kwenye urefu wa kilomita 400 hivi, na tangu Novemba 2000 hakijawahi kulala bila mtu ndani. Kilomita 400 sio mbali kihivyo, basi la Dodoma ukiweza kulielekeza juu badala ya Morogoro Road litafika kituoni kabla ya muda wake wa kuingia Dodoma. Ndani humo, kati ya vifaa vingi vya wakubwa, kuna kompyuta mbili ndogo aina ya Raspberry Pi, kila moja saizi ya kadi ya benki, hizi hizi ambazo mafundi na wanafunzi wananunua hapa chini. Za kwanza zilipelekwa Desemba 2015, wakati mwanaanga Mwingereza Tim Peake anakwenda kukaa kule miezi sita, na Desemba 2021 zikapelekwa nyingine mpya zenye nguvu zaidi na kamera nzuri, moja imepewa jina la Nikola Tesla na nyingine la Marie Curie. Kila moja ina vihisi, yaani vifaa vya kupima joto, unyevu, mgandamizo wa hewa, mwendo, sumaku na rangi ya mwanga, pamoja na kioo kidogo cha taa. Shindano lenyewe linaitwa Astro Pi, linaendeshwa na Shirika la Anga la Ulaya, ESA, wakishirikiana na taasisi ya Raspberry Pi Foundation ya Uingereza.

Umeona sasa roketi iko wapi? Ilishaondoka zamani. Kompyuta zipo kule zinasubiri tu, kilichotoka Manchester ni maandishi, faili dogo kuliko sauti ya bibi ya sekunde kumi. Mtoto anaandika kwenye brauza, anaijaribu palepale kwenye kompyuta ya kuigiza, anatuma, watu wa shindano wanaikagua, halafu inapandishwa kwa mawasiliano ya kawaida ya kituo pamoja na maelfu ya programu za watoto wengine na zinaendeshwa moja baada ya nyingine. Hakuna mwanaanga anayekaa kubonyeza moja moja, ingawa akipita karibu anaweza kuona michoro inapita kwenye kioo.

Na kioo chenyewe msikifikirie kama cha simu. Kina taa 64, nane kwa nane, sawasawa na ubao wa drafti, ule wa vizibo vya soda pale kijiweni. Kila kijumba ni taa moja na unaiambia iwe rangi gani. Mpwa wangu alichora kobe. Ukimwangalia karibu ni vijumba vya kijani na kahawia tu, rudi nyuma hatua mbili ndio unaona kobe, na alinieleza kwa uchungu kwamba miguu ilimshinda mara nne kwa sababu ukishaweka gamba na kichwa taa zimekwisha. Hiyo ndio hatua nyepesi ya shindano, inaitwa Mission Zero, ni ya vijana wasiozidi miaka 19, mchoro wako unaonyeshwa kwa sekunde 30 zisizozidi, programu inapaswa kusoma kihisi cha rangi kuangalia mwanga wa mle ndani ukoje na kuutumia kwenye mchoro, na ukifuata masharti yote unaendeshewa na cheti unapata. Waandaaji wenyewe wanasema inaweza kumalizika ndani ya saa moja.

Hapo ndipo namjibu mjomba, na naomba asinichukie. Cheti cha Mission Zero ni cha kushiriki, hakuna aliyeshinda wala aliyechukuliwa na mtu, na mtoto si lazima awe na akili za ajabu. Mimi nakiona ni kizuri kwa sababu hiyohiyo. Na NASA? Kituo ni cha ubia, Marekani, Urusi, Ulaya, Japani na Kanada, kwahiyo NASA wapo kama mpangaji mkubwa kwenye nyumba ya kupanga, ila hili shindano ni la chumba cha Ulaya.

Binamu mjuaji nadhani anachanganya na kitu kingine, ile ya kutuma jina. Kweli ipo, gari la NASA liitwalo Perseverance lililorushwa kwenda Mars Julai 2020 lilibeba majina 10,932,295 ya watu waliojiandikisha mtandaoni, yamechongwa kwenye vipande vidogo vya silikoni, na kila mtu akapewa kitiketi cha kuchapisha nyumbani. Ilikuwa bure na haikuwa utapeli, ila jina lako likifika Mars halifanyi kitu, limekaa tu kama jina uliloandika kwenye kiti cha daladala. Programu inafanya kazi, inapima, inaamua, inakosea. Wanaokuuzia nyota kwa dola ni habari nyingine kabisa na hapo niko na binamu, hela yako imeliwa.

Utamu wenyewe lakini uko kwenye hatua ya pili, Mission Space Lab, na hii nataka tukae nayo kidogo maana hapa ndipo niliposhika kichwa na mimi mtu mzima. Timu ya vijana wawili mpaka sita wanaambiwa hivi: kompyuta iko ndani ya kituo, ina kamera inayoangalia dunia kupitia dirishani, ina vihisi, mna dakika 10, tuambieni kituo kinakwenda kwa mwendo gani. Hakuna spidomita. Hakuna intaneti pia, ni marufuku programu kuwasiliana na mtandao.

Utapimaje mwendo wa gari ulilokaa ndani yake bila kuangalia dashibodi? Ukiwa kwenye basi unaangalia nje. Unaona nguzo ya umeme, unahesabu sekunde mpaka nguzo inayofuata, ukijua nguzo zimeachana mita ngapi umemaliza. Watoto wanafanya hivyohivyo. Programu inapiga picha ya dunia, inasubiri sekunde chache, inapiga nyingine. Halafu inatafuta vitu vinavyofanana kwenye picha zote mbili, kona ya ziwa, ncha ya kisiwa, ukingo wa jangwa, na kuangalia vimesogea nukta ngapi. Nukta za picha tunaziita pikseli, na kwa kamera ile na urefu ule, pikseli moja ni kama mita 126 na nusu za ardhini, yaani uwanja wa mpira na ziada.

Chukua mfano wa kutunga. Picha ya kwanza na ya pili zimeachana sekunde 9. Vitu vimesogea kwa wastani wa pikseli 545. Mara mita 126 na nusu unapata karibu kilomita 69, gawa kwa 9, unapata kilomita 7.66 kwa sekunde, na huo ndio mwendo wa kituo kweli. Kwa sekunde! Dar mpaka Morogoro ni sekunde 25 au 26 hivi, hujamaliza hata kufunga mkanda. Dunia nzima kinaizunguka kwa dakika 90 na kidogo, kila siku mara kama 16, kwahiyo wanaanga wanaona jua linachomoza mara 16 na sijui wao swala za kufunga na kufungua wanapangaje lakini hilo tuliache.

Hesabu ni ya darasani kabisa, umbali gawa kwa muda. Kinachotesa ni dunia yenyewe haikai sawa kwa ajili yako. Karibu theluthi moja tu ya dunia ni nchi kavu, iliyobaki ni maji, na juu ya bahari picha mbili zinafanana kila mahali, programu inashika sehemu hii ya maji inadhani ni ile inakuambia kituo kinatambaa kama konokono. Kuna mawingu, ambayo nayo yako juu zaidi ya ardhi na yanasogea. Na kuna usiku, kwa sababu kwa kawaida zaidi ya theluthi ya mzunguko kituo kiko upande wa giza, picha ni nyeusi tii, vitu vinavyofanana ni sifuri, na ukigawa kwa sifuri programu inakufa hapohapo na dakika zako 10 zimeisha na wewe uko Manchester umelala.

Hapa ndio tofauti na kazi ya kawaida ya kompyuta ya shule. Ikigoma darasani unanyoosha mkono, mwalimu anakuja, unarekebisha. Ikigoma kule hakuna wa kunyoosha mkono, kwahiyo mtoto analazimika kukaa kabla na kujiuliza, je kama ni usiku, je kama kamera imechelewa, je kama hakuna hata pikseli moja iliyofanana, na kila "je kama" anaiandikia cha kufanya. Kwa mfano, tupa jibu lolote lisilo na maana, endelea na picha inayofuata, na hata iweje kabla ya dakika ya 10 andika jibu ulilonalo na ufunge. Ni yuleyule mtoto wa kutumwa dukani, ila safari hii umemtuma Kigoma na hana simu.

Kuna mambo mengine mazuri yanayowashangaza. Joto kwa mfano. Wengi wanatarajia kihisi kiseme kuna baridi ya kutisha kwa sababu ni angani, wakati ndani ya kituo watu wanavaa tisheti. Halafu namba inayokuja huwa kubwa kuliko joto la chumba, maana kihisi kimekaa karibu na kompyuta na kompyuta inapata joto. Hapa chini hewa ya moto inapanda yenyewe, ndio maana moshi wa jiko unakwenda juu, kule hewa ya moto haina "juu" ya kwenda, inabaki imekuzunguka. Ndio sababu kompyuta hizi zimevishwa maganda mazito ya aluminiamu, yanayovuta joto na kulitawanya, na sharti ni kwamba ganda lisizidi nyuzi 45 ili mtu akiligusa asiungue.

Au mvutano. Hili shangazi alilileta baadaye, eti kule hakuna mvutano wa dunia. Upo, tena karibu asilimia 90 ya huu wa hapa. Wanaelea kwa sababu wao na kituo wanaanguka pamoja muda wote, ila wanakwenda mbele kwa kasi kiasi kwamba kila wanavyoanguka dunia nayo imepinda chini yao. Kwa mwandika programu hili lina madhara, kihisi cha mwendo ukikiweka mezani kinakuambia chini ni wapi, kule kinasoma karibu sifuri, kwahiyo ile programu yako ya kugeuza mchoro ukiinamisha kompyuta, iliyokuwa inafanya vizuri sebuleni, kule inachanganyikiwa.

Sasa swali ambalo nimeulizwa kwa simu na watu watatu, na sisi huku? Hapa jibu linauma kidogo. Astro Pi ni ya vijana wa nchi wanachama wa ESA na nchi chache wanazoshirikiana nazo kama Kanada. ESA sio Umoja wa Ulaya, ndio maana Uingereza waliojitoa kule bado wapo, na Uswisi na Norway wapo. Kwahiyo mtoto wa Kitanzania au Mkenya anayesoma Manchester, Oslo au Toronto mlango uko wazi, mwalimu wake tu aulize masharti ya timu. Aliyeko Temeke hawezi kutuma. Na kichekesho chake ni hiki, njia ya kituo haivuki nyuzi 51.6 kaskazini wala kusini, Manchester iko nyuzi 53 na nusu, maana yake kituo hakijawahi kupita juu kabisa ya utosi wa mpwa wangu hata siku moja. Juu ya Dar kinapita. Jioni au alfajiri unakiona kwa macho, kitaa cheupe kisichomemeta kinakatiza anga dakika chache bila sauti, na vijana wa kijiweni wanasema ni ndege.

Mashindano mengine yapo. MIT, chuo kikuu cha Marekani, walianzisha Zero Robotics mwaka 2009, wanafunzi wanaandika programu ya kuendesha roboti zinazoelea ndani ya kituo, zamani zilikuwa vidude saizi ya mpira wa kurusha, siku hizi ni Astrobee, michemraba mitatu yenye majina ya mambo ya nyuki, Honey, Bumble na Queen. Japani nao wana la kwao linalotumia Astrobee hizohizo ndani ya chumba chao kiitwacho Kibo, miaka ya mwanzo roboti ilikuwa inatafuta shabaha na kuipiga leza, washiriki wake wengi ni wa Asia na Pasifiki. Kibo kwa Kijapani ni tumaini, Wachaga msianze kudai mrabaha. Ila Kibo hiyo ina udugu na sisi kidogo, maana setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10, ilitolewa nje kupitia chumba hicho Mei 2018.

La wazi kwa dunia nzima bila kuulizwa pasipoti ni Moonhack, la watu wa Australia, bure, miradi ya anga na mazingira kwa Scratch ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza kwa kuburuta vipande vya maelekezo kama matofali. Pale hakuna kinachokwenda juu, tusidanganyane, ila mtoto anajifunza.

Na kitu ambacho watu hawajui, hata hiyo Astro Pi usiyoruhusiwa kutuma, masomo yake yako wazi mtandaoni, na picha zilizopigwa na timu za miaka iliyopita zipo, na kuna programu ya kuigiza inayokurudishia picha na vipimo vya kweli kwenye laptopu yako kana kwamba uko kule. Yaani kazi nzima ya kupima mwendo unaweza kuifanya ukiwa Mbagala, kasoro cheti.

Kijana wangu wa kidato cha pili alisikia nikimweleza mama yake hayo, akataka tujaribu. Jumamosi tukakaa na laptopu, picha mbili za kwanza zilikuwa bahari na mawingu matupu, ikatuambia kituo kinakwenda kilomita 2 na kitu kwa sekunde, akacheka sana, kwa mwendo huo kingekuwa kimeshaanguka. Tukabadilisha, tukachukua zenye pwani ya jangwa, ikaja 7.3. Anasema shida ni pointi chache zilizofanana vibaya zinavuta wastani chini, ameshaanza kuandika namna ya kuzitupa. Bibi kasikia vijana wote wawili sasa wanafanya kodi, katuma sauti nyingine, anauliza kama hiyo ya huku nayo ni mimi nitalipa. Bando ndio nalipa, bibi.